Vidole Viwili vya Heshima

Fundi hakusoma kipimo cha mtu kwa sauti hata siku moja. Alizungusha futi yake kiunoni, akaikaza, akailegeza, akatazama namba kwa jicho moja, halafu akainama mezani na kuandika kwenye daftari la jalada la kijani huku kiganja cha kushoto kimefunika kalamu, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu. Mteja akiuliza, "Fundi, imekuwa ngapi?" yeye alijibu, "Imekuwa ya kukutosha."

Nilimjua zaidi ya miaka kumi, na sikumwita kwa jina lingine. Mama yangu alimwita Fundi, mchungaji alimwita Fundi, na mama wa Kichina aliyekodi naye chumba cha kushonea huko Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, alidhani hilo ndilo jina alilobatizwa. Kila Krismasi alimpa kadi imeandikwa "Till herr Fundi", yaani kwa Bwana Fundi. Yeye Fundi alimwita huyo mama Jirani, kwa sababu meza zao zilikuwa zinagusana, na Jirani naye akalipokea jina hilo bila kuuliza maana yake. Mimi ningeuliza. Ndiyo maana Fundi aliniita Kwa Nini.

"Weye Kwa Nini umefika," alisema nikiingia. "Jirani, ficha mikasi, ataiuliza inakata kwa sababu gani."

Chumba chenyewe kilikuwa hatua chache kutoka kituo cha mwisho cha treni. Jirani alibadilisha zipu na kufupisha suruali za Waswidi. Fundi alishona vitenge vya watu wetu, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na mara mojamoja Mkenya aliyelalamika kwa Kiingereza. Wateja wake wengi wa kwaya walikaa Hässelby, mwisho wa pili wa njia ileile ya treni, na Fundi hakukubali mtu afuate gauni lake mwenyewe. Alilipeleka yeye, kutoka mwisho hadi mwisho, karibu saa nzima, gauni limelala magotini mwake kama mtoto anayesafiri bila tiketi. Nilimuuliza kwa nini. Alisema nguo ikipokelewa dukani inapokelewa na macho ya watu, ikipokelewa nyumbani inapokelewa na mwenyewe.

Alikuwa mzee wa kanisa na hakufumba macho wakati wa sala. Tulikutana Jumapili mchana katika ukumbi wa kukodi huko Spånga, na mimi, ambaye tangu nikiwa na miaka kumi na tano sikufumba macho kwa sababu nilitaka kuhakikisha kama kuna kinachotokea, nilikutana na macho yake juu ya vichwa vilivyoinama. Baada ya ibada nilimfuata.

"Fundi, kwa nini tunaambiwa tufumbe macho?"

"Ili weye usione kama mimi sijafumba."

"Na wewe unaangalia nini?"

"Mabega. Mutu akisali mabega yanashuka. Hapo ndipo najua kama koti nililikata vizuri."

Alichukia uongo kwa hasira ambayo ilinishangaza. Bibi harusi mmoja alimwomba awaambie wageni kwamba gauni limenunuliwa Brussels. Fundi alilikunja, akaliweka kwenye mfuko, akamwambia, "Nenda nalo hukohuko Brussels." Alilimaliza tu baada ya mama wa bibi harusi kuja kuomba radhi. Kwa hiyo nilipogundua baadaye kwamba daftari lake lote la kijani lilikuwa na uongo ndani, ukurasa baada ya ukurasa, kwa miaka yote hiyo, sikujua nicheke au nikae chini.

Lakini kwanza niseme habari ya fomu.

Mwaka wangu wa tatu chuoni nilikuwa nikisoma afya ya jamii, na mwalimu wangu alinipa kazi ndogo ndani ya utafiti wake mkubwa. Kulikuwa na fomu fupi iliyotungwa ili kukadiria hatari ya watu wazima wa Kichina kuwa na ugonjwa wa sukari bila kujijua. Iliuliza umri, kama ni mwanamume au mwanamke, presha, kama mzazi au ndugu wa damu ana sukari, na kipimo cha kiuno. Kila jibu lilikuwa na alama. Ukijumlisha, aliyevuka mstari alipelekwa kupimwa damu, asiyevuka alirudi nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kuona kama fomu inawafaa Wachina wanaoishi Stockholm. Kilichonivuta kilikuwa kitu kimoja. Sukari, mwalimu alisema, inawapata wengi wao wakiwa bado wembamba machoni petu. Daktari anamtazama mtu, anaona mwili mdogo, hapimi. Mtu anaishi na ugonjwa miaka, mpaka siku jicho au mguu unasema.

Jirani ndiye aliyenitafutia watu: wapishi wa mikahawa, mabibi walioletwa kulea wajukuu, mume na mke wenye duka la vyakula. Nilifika na fomu zangu, mashine ya presha na sura ya chuo kikuu. Walijibu yote kwa adabu mpaka tulipofika kiunoni. Hapo bibi mmoja alilishika shati lake kwa mikono miwili na kumwambia Jirani jambo ambalo Jirani alikataa kunitafsiria.

Fundi alikuwa akitazama kutoka kwenye cherehani yake.

"Weye unawapima kama wagonjwa," alisema. "Niletee hapa. Mushonaji haoni mwili, anaona nguo."

Na kweli, walikubali. Alisimama nyuma yao, si mbele. Futi ilipita, kalamu ikafichwa kwa kiganja, na mimi nilinakili namba kutoka kwenye daftari lake hadi kwenye fomu. Niliona ni jambo la akili sana. Niliandika hata sentensi mbili kulisifu katika ripoti yangu.

Jirani alikuwa mtu wa mwisho kupimwa, akicheka, kwa sababu hakuwahi kupimwa na mtu huyu aliyekaa naye meza kwa meza miaka yote hiyo. Mama yake alikuwa amekufa kwa sukari. Presha yake ilikuwa ya kukunja uso. Nilijumlisha alama. Alikuwa chini ya mstari kwa alama moja.

"Salama," nilimwambia.

"Salama," alirudia kwa Kiswahili, maana neno hilo alilijua, akarudi kwenye zipu zake.

Jioni ileile Fundi aliniuliza, kwa mzaha, yeye angepata alama ngapi. Sasa hapa ndipo ninapojilaumu, na nimelizungusha jambo hili kichwani kila upande bila kupata upande unaonisamehe. Nilikuwa nimetoka kusoma makala juu ya makosa ya kuchukua kipimo cha watu fulani na kuwavisha wengine. Nilikuwa na joto la kujua. Nikamwambia, "Fundi, fomu hii ni ya Wachina. Nikimpima Mkongo kwa fomu hii nitapata uongo mtupu."

"Bon," alisema. "Mimi ni mutu wa Bukavu."

Alilipenda jibu hilo kuliko yote niliyowahi kumpa.

Na dalili zilikuwepo, mbele ya macho yangu ya shahada. Chini ya meza yake kulikuwa na chupa kubwa ya saft, ile juisi nzito ya Waswidi ya kuchanganya na maji, na haikupita siku bila kuisha. Ufunguo wa choo cha kinyozi wa mlango wa pili alikuwa nao yeye badala ya kinyozi, kwa sababu kinyozi alichoka kuombwa kila mara. Kila asubuhi Jirani alitia uzi kwenye sindano kumi na mbili na kuzipanga kwenye kimto cha sindano cha Fundi, kwa kuwa tundu la sindano, Fundi alisema, siku hizi viwandani wanalitengeneza dogo. Tulicheka. Mimi niliyeuliza kila kitu, sikuuliza hilo.

Mara moja tu nilimsomea swali la fomu: kuna ndugu wa damu mwenye sukari?

"Hapana. Kwetu hakuna. Kaka yangu mukubwa alikufa kwa mguu."

"Kwa mguu vipi?"

"Kwa mguu. Ulianza kidole, ukaoza, wakakata, akafa. Sisi hatuna sukari, sisi tuna miguu mibaya."

Nikageuza ukurasa.

Habari ya daftari ilitoka kwa bahati. Mama alikuwa na gauni jipya la Pasaka, na nikamfungia mkanda. Mkanda ule ulikuwa na namba ndani, na namba haikuwa ile niliyowahi kuchungulia kwenye daftari la kijani. Ilizidi kwa upana wa vidole viwili. Lakini gauni lilimkaa kama ngozi. Nilikwenda Hagsätra kesho yake.

"Fundi, kwa nini mama umemwandika mwembamba?"

Hakuona haya hata kidogo. Aliweka mkasi chini na kunifundisha, kama mtu aliyesubiri miaka aulizwe. Bwana wake aliyemfunza kazi Bukavu aliwaambia hivi wanafunzi wake wote: daftari linaonwa na watu, mkasi unaonwa na Mungu. Mke anachungulia namba ya mume, shemeji anachungulia namba ya wifi. Mwanamke akiona namba yake imepanda, anapeleka kitambaa kwa fundi mwingine na anakwenda huko akilia. Kwa hiyo unaandika pungufu kwa vidole viwili, na wakati wa kukata unavirudisha. "Mukono unaoandika ndio mukono unaokata. Nani ameumia? Miaka arobaini, nguo ya nani imembana?"

Nikakumbuka fomu zangu.

"Na Wachina wangu?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Wale ni wageni wetu. Mugeni si ndiye unamuheshimu zaidi?"

"Wote?"

"Wote. Jirani nilimupa vidole vitatu."

Jirani aliinua kichwa kwa sababu alisikia jina lake. Nilimweleza Fundi polepole, kwa maneno ambayo ningetumia kwa mtoto, na nayaonea aibu: kwamba safari hii mkono ulioandika haukuwa mkono uliokata. Namba zilitoka kwake zikaja kwangu, na mimi sikuwa na vidole vya kurudisha. Kwamba kuna watu waliorudi nyumbani wakiambiwa salama kwa sababu ya heshima yake. Nilipofika hapo akavua miwani. Aliifuta kwa kipande cha kitenge kwa muda mrefu sana, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Mupime. Sasa hivi. Weye mwenyewe."

Nilimpima Jirani palepale, katikati ya vipande vya nyuzi. Alivuka mstari.

Nilimwambia mwalimu wangu kila kitu. Namba zote zilitupwa, na nikapewa nafasi ya kupima upya. Fundi hakusubiri nimwombe. Alichukua orodha na kuzunguka nami siku zake za mapumziko, akiwa amevaa suti, na katika kila mlango alitoa hotuba moja kwa Kiswidi chake cha kuungaunga: mimi niliandika vibaya, binti huyu hana kosa, naomba tupime tena. Mpishi mmoja alicheka. Bibi yule aliyeshika shati alimpa chungwa. Njiani kwenye treni alikunywa na kunywa. Alikuwa na chupa ndogo ya saft mfukoni mwa koti.

Majibu ya damu ya Jirani yalikuja baada ya Pasaka. Alikuwa na sukari, na daktari alimwambia alikuwa nayo muda mrefu. Lakini imekamatwa, aliambiwa, figo na macho viko sawa. Akapewa vidonge. Akaanza kutembea kuzunguka uwanja wa madukani kila mchana, mikono nyuma, kama mkaguzi. Siku alipotuambia, alimgeukia Fundi na kusema kwa Kiswidi, bila ukali, "Ulinidanganya kwa upole."

Fundi alisema, "Ndiyo."

Kuanzia siku hiyo daftari la kijani lilikuwa na namba za kweli. Alipoteza wateja watatu wa kwaya.

Ungetarajia mtu wa namna hiyo angekwenda mwenyewe kupimwa. Mimi nilitarajia. Nilianza kumuuliza kila nikipita, na kila nikiuliza alinirudishia maneno yangu yakiwa yamekunjwa vizuri na kupigwa pasi: "Weye ulisema fomu ni ya Wachina."

"Fomu, Fundi. Damu si ya Wachina. Kituo cha afya wanachoma kidole tu."

"Baada ya harusi ya binti wa mchungaji."

Harusi ikapita. Ikawa baada ya majira ya joto, kisha baada ya sare za kwaya. Nilimwambia kuhusu kaka yake, kwamba mguu haufi peke yake, una ugonjwa nyuma yake. Alikasirika siku hiyo tu. "Kaka yangu usimupime," alisema. Nikanyamaza, na mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa heshima au kwa uvivu. Pengine ni kitu kimoja. Pengine hivyo ndivyo vidole viwili vyangu.

Nilipata kazi mji wa kaskazini na sikuja Stockholm kwa zaidi ya mwaka. Mama aliniambia kwa simu kwamba Fundi amekuwa kijana. Kanisa zima lilimsifu. Wanaume wa tumbo kubwa walimuuliza anakula nini, na mchungaji alimtaja kwenye mahubiri ya kufunga. Nilimuuliza mama, amepungua kiasi gani? Mama alisema, "Mpaka suti zake anazipunguza mwenyewe." Nikanunua tiketi.

Nilifika Hagsätra asubuhi ya siku ya kazi. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya kukatia, na shati lilimning'inia kama liko kwenye kamba. Alifurahi. Alimwambia Jirani afiche mikasi. Halafu, kabla sijavua koti, akavua futi shingoni na kunipa.

"Pima. Najua ndicho kilichokuleta. Pima, na usome kwa sauti."

Nilizungusha. Mikono yangu ilikutana mapema mno.

"Sabini na tisa," nilisoma.

"Zamani ilikuwa tisini na sita. Ya kweli, bila vidole." Alikuwa anatabasamu. "Sasa nijumulishie. Chukua fomu yako ya Wachina, nijumulishie alama."

Sikuhitaji karatasi, fomu ile ninaijua kichwani. Kwa kiuno kile alama zake zilikuwa zimeshuka. Ugonjwa ulikuwa umekula kipimo chenyewe ambacho kingeusema.

"Unaona?" alisema akisoma uso wangu. "Hata fomu imenisamehe."

Akageuka kwenda kwenye birika. Alipiga hatua tatu, na Jirani akapiga kelele kwa Kiswidi, "Fundi, simama!"

Alisimama. Alikuwa amevaa soksi tu, kama kawaida yake akikata nguo, na kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na duara jekundu lililokwisha kukauka pembeni. Katikati yake kilionekana kichwa cha pini, kile kidogo cheupe. Pini nzima ilikuwa ndani.

"Nini?" aliuliza Fundi.

Jirani alipiga magoti na kuichomoa. Aliiinua mbele ya uso wa Fundi. Fundi aliitazama, akatazama mguu, akautingisha, kama mtu anayegonga mlango na kusikiliza kama kuna mtu ndani.

"Tangu lini?" nilisema.

"Sijui." Kisha, macho bado mguuni, "Kaka yangu naye alikanyaga vitu."

Jirani alikwisha kugeuza kibao cha mlangoni kisomeke pamefungwa. Alimfunga kisigino kwa kitambaa safi na kumvisha kiatu kama anavyovishwa mtu mzima ambaye hutaki aone kwamba anavishwa, na sisi watatu tukatembea hadi kituo cha afya, yeye katikati. Sikuuliza kitu njia nzima.

Muuguzi alikuwa msichana wa umri wangu. Alichoma kidole cha Fundi, akaweka tone kwenye kijimashine, akasubiri. Namba ilipotokea niliona uso wake ukitulia, ule utulivu wanaotufundisha. Alikigeuzia kijimashine upande wake, akachukua kalamu, na kiganja chake cha kushoto kikaifunika karatasi.

Fundi alikiona kiganja hicho. Sidhani kama kuna mtu mwingine duniani ambaye angekiona kama alivyokiona yeye.

"Dada," alisema kwa Kiswidi chake, "soma kwa sauti."

Muuguzi alinitazama mimi, kisha Jirani.

"Usiwatazame hao. Soma. Yote."

Akasoma. Fundi alitoa daftari la kijani kwenye koti, akalifungua ukurasa wa kwanza, ambao miaka yote niliuona mtupu na sikuwahi kuuliza ni wa nani. Akaandika hapo. Ilimchukua muda, na hakufunika kalamu. Nilichungulia. Aliiandika namba yote, bila kupunguza. Kisha akaanza kuvua kiatu cha kushoto, na muuguzi akavuta taa karibu.